Fred Kubai alikuwa mtu wa chama cha wafanyakazi kwanza

Kwa Mhariri,

Kila Leba Dei inapokaribia, husomwa na kusemwa kwamba vyama vya wafanyakazi nchini Kenya vilianzishwa na Tom Mboya. Fred Kubai naye hutajwa mara moja tu, katikati ya majina ya wale sita walioshtakiwa Kapenguria, kisha msemaji anaendelea na mambo mengine. Mboya anastahili sifa zake zote na hatuandiki barua hii kumpunguzia hata chembe. Lakini Mei 1949, Mboya alipokuwa bado anasomea ukaguzi wa afya pale Jeanes School, Kabete, Kubai alikuwa tayari rais wa muungano wa vyama vya wafanyakazi wa Afrika Mashariki. Mtu huyo ndiye aliyechaguliwa mwaka 1963 kuwa Mbunge wa Nakuru Mashariki. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Tunaomba nafasi ndefu kuliko ya barua za kawaida, kwa maana kazi ya chama cha wafanyakazi ni kazi ya vitabu, ada, tarehe na ilani, na mtu aliyeifanya hawezi kuelezwa kwa kutajiwa vyeo vyake peke yake.

Kubai alizaliwa Mombasa, na kazi yake ya kwanza ilikuwa Posta. Alikuwa karani wa telegrafu kuanzia 1931 hadi 1946, miaka kumi na mitano. Wasomaji wadogo hawajaiona kazi hiyo. Ujumbe wa haraka ulipita kwenye waya kwa milio, mfupi na mrefu, na karani aliusikiliza, akaugeuza kuwa herufi, akauandika kwenye fomu na kutia saa. Kosa la herufi moja lingeweza kubadilisha bei ya pamba au jina la marehemu. Ilibidi karani ajue Kiingereza, aandike upesi, atunze siri na awe na kumbukumbu ya kila kilichoingia na kutoka. Kwa maoni yetu, hapo ndipo alipofunzwa ukatibu, maana katibu wa chama asiyeweka kumbukumbu huangushwa na mwajiri siku ya kwanza ya mazungumzo.

Mishahara ya serikali wakati huo ilipangwa kwa rangi: Mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini, hata kama wote wamekalia kiti cha aina moja. Watumishi Waafrika waliruhusiwa kuwa na vyama vya watumishi vya kuandika maombi, na vingi vyao viliishia kwenye maombi. Kubai alitoka Posta mwaka 1946 akaingia kwenye kazi ya vyama moja kwa moja, na wakati aliotoka ulikuwa wa moto.

Tarehe 13 Januari 1947 wafanyakazi wa Mombasa waligoma. Hawakuwa wa bandari peke yao. Walikuwemo wa reli, wa hoteli, wa maduka na wapishi wa majumbani, watu wapatao 15,000, kwa siku kumi na mbili. Walikutana kila siku katika uwanja walioupa jina Kiwanja cha Maskini, na huko ndiko kulikozaliwa Shirikisho la Wafanyakazi Waafrika, ambalo rais wake akawa Chege Kibachia. Serikali iliunda baraza la kuchunguza malipo likiongozwa na Jaji Ransley Thacker, na baraza hilo likapandisha mishahara. Msomaji alikumbuke jina la jaji huyo, litarudi.

Agosti mwaka huo huo Kibachia alikamatwa na kupelekwa Kabarnet, huko Baringo, milima tunayoiona kutoka upande wetu huu. Akakaa huko karibu miaka kumi. Shirikisho lake halikudumu bila yeye. Lilikuwa na watu wengi mno na halikuwa na mizizi katika kazi yoyote moja. Hapakuwa na katibu wa mafundi wa reli wala mweka hazina wa wapishi ambaye angeshika usukani rais akiondolewa. Aliyemwondoa Kibachia aliondoa chama chote. Waliobaki waliliona hilo, na Kubai alikuwa mmoja wao.

Serikali nayo ilikuwa na jibu lake. Mwaka huo huo ililetwa Kenya afisa kutoka Uskoti, James Patrick, aliyekuwa mtu wa vyama vya wafanyakazi huko kwao, aje awashauri Waafrika. Ushauri wake ulikuwa kwamba kila kazi iwe na chama chake kidogo, kishughulikie mishahara na saa za kazi, na kikae mbali na siasa na mashirikisho makubwa. Nusu ya ushauri huo ni kweli, na Kubai aliitumia: chama kianze na kazi moja. Nusu ya pili aliikataa. Dereva anayesimamishwa njiani aonyeshe kipande, kile kitambulisho cha lazima cha Waafrika, anayelala kitanda kimoja na wenzake watatu Pumwani, mambo yake ya mshahara hayatengani na mambo ya nani anatunga sheria.

Alianza na madereva na mafundi wa magari, akawa katibu wa chama cha wafanyakazi wa usafiri. Hapa tunaomba tukae kidogo, kwa kuwa ndipo penye somo kubwa kwa watu wa Nakuru na Kisumu.

Madereva ni watu wagumu kuwapanga chamani. Kiwandani watu mia mbili hupita lango moja saa moja asubuhi, ukasimama hapo na daftari lako ukawapata wote. Madereva wametawanyika barabarani, kila mmoja na mwenye gari wake, na mwenye gari ana magari mawili au matatu tu. Hakuna orodha ya mishahara ambayo ada inaweza kukatwa humo. Kwa hiyo ada hukusanywa mkononi, steji kwa steji, na hapo ndipo vyama vya usafiri hufa. Pesa za mkononi zinahitaji kitabu cha risiti chenye namba zilizochapwa na nakala ya kaboni, nakala ya kwanza apewe mwanachama na ya pili ibaki kitabuni. Zinahitaji mtu wa kila steji anayejulikana na anayebadilishwa akikosa uaminifu. Zinahitaji kupelekwa benki siku hiyo hiyo au kesho yake, na kutolewa kwa saini za watu wawili au watatu. Mweka hazina akianza kulipa kodi ya ofisi kwa pesa ambazo bado hazijaandikwa kitabuni, hata kama ni mwaminifu kama malaika, mwezi wa tatu hesabu hazitaoana na wanachama wataacha kulipa. Chama hakivunjwi na wizi peke yake. Mara nyingi huvunjwa na uvivu wa kuandika.

Lakini madereva wana nguvu ambayo wengine hawana. Wakisimama, mji mzima unajua ndani ya saa moja. Wanabeba habari kutoka mji hadi mji bila kununua stempu. Wanawajua makarani wa afisi, askari wa barabarani, wachuuzi na watu wa hoteli. Teksi za Nairobi zilikuwa na ugomvi wake mahususi, sheria ndogo za manispaa zilizowabana madereva, na Kubai akaushika ugomvi huo kama mpini. Katibu mzuri huanza na jambo linalomuuma mwanachama leo, hata kama ni dogo, kabla ya kumhubiria yale makubwa.

Mshirika wake mkubwa alikuwa Makhan Singh, fundi wa uchapaji aliyezaliwa Punjab mwaka 1913 na kuletwa Kenya akiwa kijana. Singh alikuwa ameshakigeuza chama cha Wahindi kuwa cha wafanyakazi wa rangi zote katikati ya miaka ya 1930, na mwaka 1937 akaongoza mgomo wa siku 62 jijini Nairobi ulioleta nyongeza ya mishahara. Tarehe 1 Mei 1949 wawili hawa, pamoja na vyama vya wasafirishaji, washona nguo, wachapaji na mafundi wa viatu, waliunda muungano ulioitwa East African Trade Union Congress. Kubai akawa rais, Singh akawa katibu mkuu. Siku ilichaguliwa makusudi. Kwa hiyo kila tunapoketi uwanjani Mei mosi kusubiri tangazo la kima cha chini cha mshahara, ni siku ya kuzaliwa ya muungano huo pia. Hatukumbuki kuisikia ikitajwa jukwaani.

Muungano huo ulikufa vipi? Wengi wanadhani ulizimwa kwa bunduki. La, ulianza kuzimwa kwa karatasi. Sheria ya vyama vya wafanyakazi ya mwaka 1937 ilitaka kila chama kisajiliwe, na kuwa kiongozi wa chama kisichosajiliwa lilikuwa kosa la jinai. Muungano ulipoomba usajili ulikataliwa. Vyama wanachama, kimoja kimoja, vilikuwa vimesajiliwa, lakini paa lililoviunganisha likawa halina cheti. Huo ndio mtego: wakivunja muungano wamepoteza nguvu, wakiendelea nao wamekuwa wahalifu. Waliendelea.

Machi 1950 Nairobi ilipewa hati ya kuwa jiji, na mwana wa mfalme, Duke wa Gloucester, akaja kuikabidhi. Kubai na Singh waliwaita wafanyakazi wasishiriki sherehe. Sababu zao zilikuwa wazi. Waafrika wa Kiambu waliogopa mipaka ya jiji ingemeza mashamba yao, na waliolijenga jiji hawakuwa na mahali pa kulala. Nakuru nayo ilikabidhiwa hati ya jiji tarehe 1 Desemba 2021, na swali la nyumba za wafanyakazi wa mapato madogo bado liko mezani. Hapo tutaishia, maana hilo ni suala la barua nyingine.

Tarehe 23 Aprili 1950, katika ukumbi wa Kaloleni, Nairobi, Makhan Singh alisimama akataka uhuru kamili wa nchi za Afrika Mashariki. Wiki tatu baadaye, tarehe 15 Mei, yeye na Kubai walikamatwa, na shtaka lililowekwa mbele likawa lile lile la karatasi: kuwa viongozi wa chama kisichosajiliwa. Kesho yake Nairobi ikagoma. Madai ya wagomaji yanaonyesha jinsi Kubai alivyofundisha watu wake kuchanganya madogo na makubwa bila aibu: viongozi waachiliwe, Kibachia akiwemo, kima cha chini kiwe shilingi 100 kwa mwezi, sheria ndogo za teksi zifutwe, wafanyakazi wasikamatwe usiku nyumbani kwao, na Afrika Mashariki iwe huru. Mgomo ulidumu zaidi ya wiki, ukavuka mipaka ya Nairobi, na serikali ikaleta polisi, magari ya deraya na ndege juu ya mitaa ya Waafrika.

Mgomo huo ulikuwa na kasoro yake, na kuisema si kumtukana mtu. Ulianza bila mfuko wa mgomo. Mfanyakazi wa siku hizo alilipwa mwisho wa mwezi, na tarehe 16 mfuko wake tayari ni mtupu. Chama chenye akiba ya chakula cha siku tano kinaweza kumngojea mwajiri. Kisicho nayo hungoja siku ambayo mke na watoto watasema basi. Pia viongozi wote wawili wa juu walikuwa ndani siku ya kwanza, kama ilivyokuwa kwa Kibachia. Safari hii hata hivyo vyama vya chini vilibaki, kwa sababu vilikuwa na makatibu wao. Muungano ulivunjika, chama cha usafiri hakikuvunjika.

Makhan Singh alipelekwa Lokitaung, kaskazini kabisa mwa Turkana, kisha Maralal, kisha Dol Dol. Aliachiliwa Oktoba 1961. Zaidi ya miaka kumi na moja kizuizini, bila kuhukumiwa kwa kosa lolote linalostahili hata mwaka mmoja. Kubai aliongezewa shtaka la kujaribu kuua, akakaa rumande miezi mingi, na mahakama ikamwachilia mapema mwaka 1951.

Aliporudi hakurudi Posta. Juni 1951 yeye na wenzake wa vyama vya wafanyakazi waligombea uongozi wa tawi la Nairobi la KAU (Kenya African Union), chama cha siasa cha Waafrika, na kushinda. Kubai mwenyekiti, John Mungai wa chama cha usafiri makamu wake, na Bildad Kaggia, karani aliyewahi kuwa askari katika vita vikuu, akawa katibu. Hivyo tawi kubwa kuliko yote la chama cha siasa likawa mikononi mwa watu wa vyama vya kazi. Ni katika kipindi hicho ambapo viapo vya Mau Mau vilienea Nairobi, na madereva wa teksi ndio waliowasafirisha watu usiku. Hatulifichi hilo, na yeye hakulificha baada ya uhuru. Alikuwa mtu aliyeamini kwamba barua za maombi zimeisha kazi.

Usiku wa kuamkia tarehe 21 Oktoba 1952, Hali ya Hatari ilipotangazwa, alikamatwa tena. Kesi ilisikizwa Kapenguria, kaskazini mwa Kitale, katika jengo la shule, mbali na mawakili, waandishi na umati wa Nairobi. Washtakiwa walikuwa Jomo Kenyatta, Fred Kubai, Bildad Kaggia, Paul Ngei, Kung'u Karumba na Achieng Oneko. Na jaji alikuwa Ransley Thacker, yule yule aliyepima mishahara ya Mombasa mwaka 1947. Tarehe 8 Aprili 1953 akawahukumu miaka saba na kazi ngumu. Oneko alishinda rufaa lakini hakuachiliwa. Shahidi mkuu wa serikali, Rawson Macharia, baadaye alikiri kwamba ushahidi wake ulikuwa wa kununuliwa. Wafungwa walipelekwa Lokitaung, kule kule Singh alikoanzia. Jengo na seli za Kapenguria sasa ni makumbusho, yaliyofunguliwa 1993, na anayetoka Kisumu au Kakamega anaweza kwenda na kurudi Kitale siku hiyo hiyo akazitembelea. Mwalimu anayepeleka darasa lake huko asiwaonyeshe watoto seli ya Kenyatta tu. Awaambie pia kwamba katika sita hao, angalau wawili, Kubai na Kaggia, walifika hapo kupitia vyama vya wafanyakazi.

Wakati Kubai yuko Lokitaung, vyama vilivyobaki vilisimamiwa na wengine. Hapo ndipo sifa za Mboya zinapoanza kwa haki. Kijana wa Rusinga, mkaguzi wa afya wa Nairobi, alichukua ukatibu mkuu wa shirikisho la vyama hivyo mwaka 1953, akalibeba katikati ya Hali ya Hatari, wakati operesheni ya Aprili 1954 iliwasomba wanachama kwa maelfu. Mwaka 1955 alipatanisha mgomo wa bandari Mombasa na wafanyakazi wakapata nyongeza ya theluthi moja. Mwaka 1962, akiwa Waziri wa Kazi, waajiri, vyama na serikali walitia saini mkataba wa uhusiano kazini, tarehe 15 Oktoba. Mahakama ya Viwanda ilianza 1964. Mmoja aliweka msingi, mwingine akajenga kuta wakati mwenye msingi amefungwa. Kuwashindanisha ni kuwadhulumu wote wawili.

Kubai aliachiliwa 1961. Katika uchaguzi wa Mei 1963 alisimama Nakuru Mashariki kwa tikiti ya KANU, akashinda. Mji wa Nakuru nao ulimchagua Achieng Oneko, mzaliwa wa Uyoma. Wasomaji wa Kisumu walipime hilo: katika wale sita wa Kapenguria, wawili walikwenda Bunge la kwanza kutoka Nakuru, mmoja mtoto wa Pwani, mwingine mtoto wa Nyanza. Nakuru ilikuwa kitovu cha mashamba ya walowezi, mji wa reli, wa manamba na maskwota, wa watu waliotoka kila upande kutafuta kibarua. Haikuuliza mgombea amezaliwa wapi. Iliuliza amefungwa kwa ajili ya nini.

Bungeni alikuwa Waziri Msaidizi katika Wizara ya Kazi. Hapo maisha yake yalipata ugumu ambao hauna budi kusemwa. Aliyekuwa akiandika madai sasa aliyapokea. Serikali aliyoitumikia ndiyo iliyounda COTU, muungano mkuu wa vyama vya wafanyakazi, mwaka 1965 kwa amri, ikavunja mashirikisho mawili yaliyokuwa yakipigana, na kumpa Rais sauti katika uteuzi wa katibu mkuu. Waliotetea hatua hiyo walisema damu ilikuwa imemwagika Mombasa na umoja ulihitajika. Sisi tunaona kwamba muungano wa 1949 ulinyimwa cheti na serikali, na ule wa 1965 ulipewa cheti na serikali, na katika yote mawili mwanachama wa steji hakuulizwa. Kubai alijua zote mbili. Alifariki mwaka 1996.

Sasa, Mhariri, kwa nini tunayasema haya mwaka huu? Kwa sababu madereva na makondakta wa Nakuru na Kisumu wako pale pale alipowakuta Kubai, na sheria ya leo inawapa mlango ambao yeye alifungiwa.

Kosa la kwanza ni la maneno. Watu wanaita sacco chama cha madereva. Sivyo. Kanuni za usafiri wa umma za mwaka 2014 zinataka mwenye gari awe ndani ya kampuni au sacco yenye magari yasiyopungua 30. Hicho ni chombo cha wenye magari. Dereva anaweza kuweka akiba humo, lakini hawezi kukitumia kudai mshahara, kwa kuwa anayeongoza kikao ndiye anayemdai hesabu ya jioni. Kanuni hizo hizo zinataka wafanyakazi wa gari wawe na mkataba wa maandishi na mshahara wa mwezi. Steji nyingi bado ni hesabu ya siku: mwenye gari apewe kiasi chake, mafuta yajazwe, askari watulizwe, kinachobaki ndicho mshahara. Siku ya mvua hakibaki kitu, na hapo ndipo mwendo wa kasi unapozaliwa.

Chama cha wafanyakazi kinaanzishwa chini ya Sheria ya Uhusiano Kazini ya mwaka 2007, na Katiba, kifungu cha 41, inakilinda. Usianze kuandikisha wanachama kwanza; wengi hukosea hapo. Watu wasiopungua wawili huomba kwa Msajili wa Vyama vya Wafanyakazi cheti cha kuruhusiwa kuandikisha. Cheti hicho hudumu miezi sita. Ndani ya miezi hiyo wakusanye wanachama, waandike katiba, wawe na ofisi na anwani nchini, kisha waombe usajili wenyewe. Kinachokwamisha maombi mara nyingi ni kwamba kuna chama kingine kilichosajiliwa tayari kinachowakilisha kazi hiyo vya kutosha. Kwa hiyo kabla ya kutoa hata shilingi moja, nendeni mkaulize kwa Msajili kama chama hicho kipo. Kikiwepo, ni afadhali kuingia humo na kugombea uongozi wa tawi, kama Kubai alivyofanya na KAU mwaka 1951, kuliko kufungua cha pili kitakachokaa mahakamani miaka mitano.

Viongozi wawe watu wanaofanya au waliowahi kufanya kazi hiyo. Wakibadilishwa, Msajili ajulishwe ndani ya siku 14, la sivyo wale wa zamani ndio wanaotambuliwa kisheria, na mwajiri atapenda sana kuzungumza na wale wa zamani.

Ada hukatwa kwenye mshahara kwa fomu S. Kila mwanachama atie saini yake mwenyewe, na jina na namba ya kitambulisho ziwe sawasawa na zilizo kwenye orodha ya mishahara. Fomu moja yenye jina lililoandikwa vibaya humpa mwajiri sababu ya kurudisha mia zote. Akishapokea fomu, mwajiri ana siku 30 za kuanza kukata. Chama kikifikisha wanachama zaidi ya nusu ya wafanyakazi wanaostahili kuwa chamani katika kampuni hiyo, mwajiri anawajibika kukitambua kwa mkataba wa maandishi. Hesabu hiyo ni ya mwajiri mmoja mmoja. Ukiwa na watu 400 waliotawanyika katika sacco 20, kumi hapa na thelathini kule, huna utambuzi popote. Ukiwa na watu 40 kati ya 70 wa kampuni moja, unao. Anza na moja. Mwajiri akikataa, suala linapelekwa kwenye upatanishi, kisha Mahakama ya Ajira na Uhusiano wa Kazi.

Baada ya utambuzi ndipo mkataba wa pamoja wa mishahara unaandikwa, na unaanza kufanya kazi ukishasajiliwa mahakamani. Mgomo uko mwisho kabisa wa ngazi hiyo, baada ya upatanishi kushindikana, na unahitaji ilani ya maandishi ya siku saba kwa mwajiri na kwa Waziri. Anayegoma siku ya sita amempa mwajiri ruhusa ya kufukuza. Wagomaji wa Mei 1950 hawakuwa na ngazi ya kupanda, ndiyo maana walirukia dirishani.

Boda boda wana tatizo jingine. Anayemiliki pikipiki yake si mwajiriwa wa mtu, na sheria inasema chama cha wafanyakazi ni cha waajiriwa. Kwake chama cha ushirika au jumuiya ya kujisaidia ndicho chombo halali. Lakini anayeendesha pikipiki ya mwingine kwa hesabu ya kila jioni yuko karibu sana na dereva wa teksi wa mwaka 1949, na mawakili wa kazi hawajachoka kulibishania hilo. Wa mashambani wana bahati zaidi: chama chao cha wafanyakazi wa mashamba na kilimo kina makao makuu hapa hapa Nakuru, na wanaotaka kujifunza jinsi fomu S inavyojazwa wanaweza kuuliza hapo.

Tunaomba mambo mawili. Gazeti lako, likitayarisha kurasa za Mei mosi, lichapishe tarehe 1 Mei 1949 pamoja na majina ya Kubai na Makhan Singh, mmoja rais na mwingine katibu mkuu. Na wanaoandaa sherehe za Leba Dei katika kaunti za Nakuru na Kisumu wampe dereva au kondakta mmoja dakika tano za kusoma jukwaani yale madai matano ya Mei 1950, kwa mpangilio wake.

Makatibu wastaafu wa matawi,
Nakuru